Majani Yanayofuta Zambarau

Jumatatu, 3 Februari

Mvua imeanza kabla ya kengele ya kwanza na hadi sasa inapiga bati. Nilifika shule viatu vikiwa mkononi.

Leo Mwalimu Cornel, anayetufundisha Kemia, ametutangaza mbele ya kidato cha tatu wote. Mimi na Suzana ndio tutakaoiwakilisha shule kwenye mashindano ya sayansi mjini Shinyanga, tarehe 20 Machi. Mada yetu ni majani ya dawa. Amesema tusiende kusimulia kwamba bibi zetu waliyatumia, kwa sababu kila shule itasimulia hivyo. Sisi twende tumepima.

Ametuonyesha kipimo chenyewe. Unaweka kwenye bika maji yenye potasiamu pamanganeti na asidi kidogo. Yanakuwa zambarau kali, kama vazi la padri wakati wa Kwaresima. Kisha unachemsha majani, unachuja, na maji yake unayadondosha humo tone kwa tone. Majani yenye antioksidanti yanaifuta ile zambarau mpaka bika linabaki halina rangi. Yanayoifuta kwa matone machache ndiyo yenye nguvu zaidi. Antioksidanti, amesema, ni kitu kinachouzuia mwili usichakazwe na hewa ileile inayoupa uhai, kama grisi inavyoizuia baiskeli isiliwe na kutu.

Wakati wa kurudi Suzana alinitania. "Nyie wa Mwakitolyo mmezoea kutafuta dhahabu kwenye mawe. Haya, sasa itafute kwenye majani."

Katika majani yote nimeomba nipewe mlonge, na sababu ni dada Eufrasia. Ana mimba ya miezi sita. Ile ya kwanza, mwaka juzi, ilitoka mwezi wa saba, na muuguzi wa zahanati alisema damu yake ilikuwa ndogo. Shemeji Enock anachimba Geita, kwa hiyo dada amerudi kwetu ili Mama amtunze. Kila asubuhi Mama anamwekea unga wa majani ya mlonge kwenye uji. Sijamwambia mtu, ila nataka mwaka huu mtoto azaliwe, na nataka niwe nimesaidia.

Jumatano, 5 Februari

Mvua. Umeme hakuna, maabara imefungwa.

Jumamosi, 8 Februari

Majani hayakauki. Mama alianika mlonge juu ya turubai, jua likachungulia kidogo, mvua ikarudi. Yamevunda yote. Sasa ametundika matawi jikoni juu ya mafiga, na nyumba nzima inanuka moshi na mlonge.

Mkosi mwingine ni kinu. Mjomba Maganga, mdogo wake Mama, analala chumba cha nje. Ni mwanaapolo, mchimbaji mdogo wa dhahabu, ana sehemu yake kwenye duara moja, yaani shimo, huko machimboni. Wiki iliyopita alikigeuza kinu chetu cha mti kikawa kiti, akakaa anagongea mpini wa sururu, kinu kikapasuka mpaka chini.

Mama alimwambia, "Maganga, wewe ukipewa kanisa utachimba madhabahu."

Mjomba akacheka. "Dada, tumia kinu changu cha chuma. Hicho hata tembo hakipasui."

Ni kile anachopondea mawe ya sampuli, kabla hajayaosha kwenye karai kuona kama yana kitu. Mama alikisugua kwa majivu na maji ya moto mpaka kikang'aa, akanusa, akasugua tena. Mama ni msafi kuliko wanawake wote ninaowajua. Leo mchana akaanza kutwanga yaliyokwisha kukauka.

Ijumaa, 14 Februari

Majibu ya kwanza. Tulitwanga majani yote maabara, kwenye kile kinu kidogo cheupe cha shule. Mpera umeshinda, tena kwa mbali. Mlonge ni wa pili, mwarobaini ni wa mwisho.

"Mpera kila mtu anao nyuma ya choo," alisema Mwalimu Cornel. Alijaribu kutabasamu lakini nimeona amevunjika moyo. Mimi pia.

Jumatatu, 17 Februari

Siku kubwa.

Nilikwenda na kopo la unga wa Mama kwa sababu majani mabichi yalikuwa yameisha. Tulichemsha kijiko kimoja, tukachuja kwa karatasi, nikaanza kudondosha. Tone la kwanza, zambarau ikawa kahawia. La pili, ikapauka. La tatu, bika likawa halina rangi kabisa, kama maji ya kunywa.

Suzana alisema, "Umekosea. Umesahau kuweka dawa."

Tukarudia. Ikafutika tena. Mwalimu Cornel alikuja na chaki mkononi, akadondosha mwenyewe, halafu akatoka nje kumwita Mwalimu wa Biolojia. Wakasimama wawili juu ya bika letu kama watu wanaochungulia kisima.

"Umeutoa wapi unga huu?"

"Nyumbani, Mwalimu. Ametwanga Mama."

"Mama yako anafanya nini ambacho sisi hatufanyi?"

Nikasema anakausha juu ya moshi. Akaandika. Akasema hiyo ndiyo itakuwa kazi yetu ya Shinyanga, mlonge uliokaushwa kwa njia ya nyumbani. Nilirudi nikikimbia kwenye tope.

Nyumbani niliwaeleza wote jikoni. Mama hakusoma zaidi ya darasa la saba, lakini alisikiliza mpaka mwisho, mwiko ukiwa hewani. Kisha akamgeukia dada.

"Umesikia? Mdogo wako ameupima kwa dawa za serikali. Hakuna unaoushinda. Kuanzia leo utakunywa asubuhi na jioni, na kijiko kitajaa."

Dada Eufrasia alinikonyeza. "Profesa," akasema, akashika tumbo, "mtoto akizaliwa ana miwani nitakudai wewe."

Sijawahi kuwa na furaha namna hii.

Alhamisi, 20 Februari

Mvua. Daraja la miti limeondoka, tumezunguka kwa juu.

Jumapili, 23 Februari

Kwenye ibada kigangoni tulikuwa wachache kwa sababu ya maji. Dada hakwenda. Tuliporudi alikuwa amekaa kizingitini, hajagusa michembe, vile viazi vikavu, aliyoachiwa.

"Mdomo wangu una ladha ya ajabu," alisema. "Kama nimelala na sarafu kinywani."

Mama akasema mimba ndivyo ilivyo, yeye mwenyewe akiwa na mimba yangu alikuwa anasikia harufu ya mafuta ya taa kwenye maziwa. Wote tukacheka.

Jumanne, 25 Februari

Suzana ni mbishi. Alisema majibu ya kopo moja si majibu, na mjini watatuuliza kama tumerudia kwa majani mengine. Kwa hiyo jana nilichuma kwenye mlonge uleule wa nyumbani, nikayakausha juu ya mafiga yaleyale. Leo tukayatwanga shuleni.

Yamefuta polepole, sawa na yale ya siku ya kwanza. Nguvu ya wastani.

Mwalimu alisema hayakukauka vizuri. Suzana alichukua daftari akaandika majani mengine ya kujaribu.

Alhamisi, 27 Februari

Tumejaribu majani machanga. Wastani. Makuukuu, wastani. Ya upande wa jua na ya upande wa kivuli, wastani. Tumeyakausha kwa moshi wa kuni na kwa mkaa. Mlonge wote wa dunia una nguvu ya wastani isipokuwa ule unaotoka mikononi mwa Mama.

"Labda anautwanga kwa sala," alisema Suzana.

Mwalimu Cornel alicheka sana. Kisha akatuambia tusipoteze muda, siku zinakwenda, tutapeleka ule mzuri. "Mashindanoni mtu hapeleki kuku aliye mgonjwa." Nilimuuliza nitajibu nini watu wakitaka kujua kwa nini ni ule tu. Akasema, "Utasema utafiti unaendelea. Wakubwa wote husema hivyo."

Nampenda Mwalimu Cornel. Lakini jibu hilo limekaa vibaya moyoni mwangu.

Dada ametapika mara mbili leo. Mama anasema dawa inasafisha tumbo.

Jumamosi, 1 Machi

Mvua mfululizo. Mjomba hajaenda duarani, anasema limejaa maji mpaka mdomoni. Analala mchana.

Jumatatu, 3 Machi

Mwezi wa saba umeingia. Hakuna anayetamka, lakini Mama amewasha mshumaa mbele ya picha ya Bikira Maria, naye huwa anautunza kwa ajili ya Pasaka.

Dada alimwaga chai. Alisema kikombe ni cha moto. Nilikishika, hakikuwa cha moto.

Jumatano, 5 Machi

Jumatano ya Majivu. Tulipakwa asubuhi na mapema, nikaenda shule na msalaba wangu kwenye paji la uso, nikarudi mapema kwa sababu walimu walikuwa na kikao.

Mama alikuwa uani, ameinama juu ya kinu cha chuma, anakisugua kwa majivu kama kawaida yake. Maji ya kusuuza aliyamwaga kwenye lile jiwe bapa la kufulia. Nilikuwa nimesimama tu, namsubiri amalize nimsalimu. Yale maji yakatiririka, majivu yakaondoka, na juu ya jiwe pakabaki mstari mwembamba, mweusi, wenye chembe zinazometameta.

Nimeuona mstari huo tangu sijaanza shule. Ni mkia. Ndivyo mawe yaliyosagwa yanavyobaki kwenye karai la mchimbaji baada ya udongo mwepesi kwenda na maji. Wachimbaji huuangalia mkia kuona kama kuna dhahabu.

"Shikamoo, Mama. Kinu kimetumika leo?"

"Marahaba. Kimetumika na nani, na mimi nilikuwa shambani?"

Mama yuko shambani kila asubuhi. Dada analala. Mimi niko shule. Na Mjomba hajaenda duarani.

Nilimwambia Mama kwamba nadhani vumbi la mawe linaingia kwenye unga, na kwamba dada asinywe mpaka nijue. Nilisema vibaya, kwa haraka. Uso wake ulifungika.

"Asteria. Kinu hiki nakiosha kuliko nilivyokuosha wewe ulipokuwa mtoto. Unataka kusema nampa mwanangu uchafu?"

"Hapana, Mama."

"Ni nani aliyekuja hapa anaruka, akasema hakuna mlonge unaoushinda wa mama yangu?"

"Ni mimi."

"Basi kaa na maneno yako ya kwanza. Dada yako amebakiza miezi miwili. Sitamkatisha dawa kwa sababu ya 'nadhani'."

Jioni dada alikunywa uji wake wote. Mimi ndiye niliyeambiwa nimpelekee.

Alhamisi, 6 Machi

Nilitaka kumwambia dada peke yake, lakini Mama hakutoka jikoni. Amekunywa asubuhi, amekunywa na jioni.

Ijumaa, 7 Machi

Alfajiri nilikwangua lile jiwe la kufulia, nikafunga vumbi jeusi kwenye karatasi. Humo hamkuwa na jani hata moja.

Suzana alilichemsha kama tunavyochemsha majani, tukachuja. Nilidondosha mimi.

Zambarau ikafutika. Haraka kuliko hata siku ile.

Mwalimu Cornel alisimama nyuma yetu. Hakucheka. Alivuta kiti akakaa, jambo ambalo hafanyi kamwe maabara.

"Yale mawe yana chuma na salfa," alisema taratibu. "Yakilowana yanatoa maji yanayofuta pamanganeti kuliko jani lolote. Zambarau haijui kama kilichoifuta ni jani au jiwe. Sisi ndio tulipaswa kujua." Kisha akasema, "Mimi ndiye niliyepaswa kujua." Halafu akaniuliza, "Unga ule nyumbani kuna mtu anautumia?"

Nilipomwambia ni dada, tena ana mimba, alivua miwani.

"Kwenye kinu kile mjomba wako huwa anatia zebaki ya kunasia dhahabu?"

Nikasema sijui. Mama alishamkataza kuileta nyumbani, kwa sababu ni sumu.

"Nenda sasa hivi. Usisubiri kengele."

Maji ya bondeni yalinifika kiunoni. Mtu mmoja upande wa pili alinipigia kelele kwa Kisukuma nirudi. Sikurudi. Nilipofika nilimkuta dada amelala ubavu, kikombe kitupu kando yake. Nilichukua kopo la unga nikalificha chini ya kitanda changu. Mama aliponiuliza liko wapi, nikamwambia liko kwangu na sitalitoa.

Hajawahi kunipiga tangu niingie sekondari. Leo alinyanyua mkono. Haukushuka. Alitoka nje akasimama kwenye mvua.

Jumamosi, 8 Machi

Naandika yote kama yalivyotokea ili baadaye nisijidanganye.

Asubuhi mvua ilikatika. Mjomba alikuwa uani anafunga viatu, Mama anachambua mchicha kwa hasira, dada kakaa ukutani na kanga mabegani. Nilichukua karai la Mjomba, nikamimina kopo lote la unga, nikajaza maji na kuanza kuzungusha.

Mjomba alishangilia. "Ee bwana! Mwanaapolo mpya huyo! Anachimba mlonge!"

Nilizungusha, kijani kikawa kinamwagika kidogokidogo, lakini mikono yangu haina ufundi na kila kitu kilikuwa kinatoka pamoja.

"Lete hapa," akasema Mjomba. "Unaosha kama unasuuza sahani. Utapoteza mali." Akanipokonya karai, akachuchumaa, akaanza. Ukimwona Mjomba anaosha, unasahau kwamba ni mtu wa mzaha. Karai linapumua mikononi mwake. Unga wa kijani uliondoka kama ukungu, tabaka baada ya tabaka, huku akiimba chinichini. "Tukipata gramu, dada, nakununulia kinu cha dhahabu."

Mama hakunyanyua macho. "Fanyeni utoto wenu."

Kisha Mjomba akaacha kuimba.

Aliinamisha karai, akaongeza maji kidogo, akainamisha tena. Mkia ulikuwa pale, mweusi, mrefu kama kidole. Mwishoni mwa mkia kulikuwa na tone. Si tone la maji. Lilikuwa jeupe, zito, linang'aa kama jicho la samaki, na alipotikisa lilikimbia upande wa pili likarudi likiwa zima.

Hakuna mtu machimboni ambaye hajui hicho ni nini.

Mama alikuja akasimama juu yetu, mchicha bado mkononi.

"Maganga. Hiyo ni nini?"

Mjomba aliliweka karai chini.

"Nakuuliza wewe. Uliniahidi mbele ya mume wangu, kabla hajaenda Ushetu kwenye tumbaku yake, kwamba zebaki haitavuka uzio wangu."

"Ilikuwa ni mvua, dada." Sauti yake ilikuwa ya mtoto. "Kule kila kitu kilikuwa maji. Hapakuwa na pa kukaa. Nilikuwa naponda sampuli zangu hapa, ninyi mkiwa mmetoka. Mara mbili tu ndiyo nilichanganyia humo. Nikakisuuza. Naapa nilikisuuza."

"Na mimi nikakisugua," alisema Mama. "Kila siku nilikisugua."

Dada Eufrasia alikuwa amesimama, mkono umeshika ukuta. Hakuna aliyemwambia chochote, lakini alikuwa anaangalia karai. "Mama," akasema, "hiyo ndiyo niliyokuwa nakunywa?"

Mama aliketi chini, palepale kwenye tope, yeye ambaye hakai hata kwenye mkeka bila kuukung'uta. Akavuta kanga yake usoni. Tulisikia sauti ambayo sijawahi kuisikia ikitoka kwake.

Mjomba ndiye aliyekwenda kutafuta pikipiki.

Jumatatu, 10 Machi

Zahanati walituandikia rufaa palepale. Barabara ya Shinyanga ilikuwa imekatika sehemu moja, tukalala kwa jamaa wa Mwalimu Cornel, tukafika hospitali leo.

Daktari ni mwanamke kijana mwenye sauti ndogo. Aliuliza kila kitu, ladha ya mdomo, mikono kutetemeka, vijiko vingapi. Mama alijibu yote mwenyewe. Alisema, "Nilikuwa namjazia," na hakujitetea.

Kisha daktari alimpaka dada mafuta tumboni, akaweka kidude kidogo cha kusikilizia moyo wa mtoto. Mwanzo palikuwa na mkwaruzo tu. Mama alinishika mkono bila kuniangalia. Akakisogeza kushoto, akakisogeza chini. Mkwaruzo. Nilihesabu matofali ya ukutani nisifikirie.

Halafu ikasikika. Kwa mbali, harakaharaka, kama mtu anayetwanga nyumba ya pili.

"Huyo hapo," alisema daktari.

Lakini hakutabasamu sana. Alisema moyo uko vizuri leo. Damu na mkojo vitapelekwa Mwanza, na majibu yatachukua wiki kadhaa. Dada asiguse unga huo tena, anywe vidonge vya damu alivyopewa, arudi kupimwa mara kwa mara. "Siwezi kukuahidi zaidi ya hapo, mama. Mengine tutayajua akizaliwa."

Mama akasema asante. Ni huko nje tu, kwenye benchi, ndipo aliponiambia, "Ungelitoa kopo lile nilipolidai, ningempa." Akakunja ncha ya kanga yake. "Uliponikatalia nilikuchukia."

Nilimwambia najua.

Jumatano, 12 Machi

Mjomba amekibeba kinu cha chuma begani akaondoka nacho. Hajarudi kulala.

Jumatatu, 17 Machi

Mwalimu Cornel alisema ninaweza kuachia nafasi yangu, hakuna atakayenilaumu. Aliuliza tunataka kupeleka nini sasa. Suzana akasema mpera. Mimi nikasema tupeleke vyote, pamoja na kile kilichotudanganya.

"Watatucheka," alisema Mwalimu.

"Wacheke, Mwalimu. Kuna mama wangapi kule kwetu wanaotwanga kwenye kinu cha mume?"

Mwalimu akachukua kalamu akaandika jina lake mwenyewe kwenye bango, chini ya neno "kosa", juu ya majina yetu.

Alhamisi, 20 Machi

Ukumbi ulikuwa umejaa. Shule moja ilileta mashine ya kuangulia mayai, nyingine taa ya jua. Sisi tulikuwa na bika tatu na karai.

Jaji mmoja, mama mtu mzima aliyevaa gauni la kitenge, alikaa kwetu kuliko wengine.

"Kwa hiyo mlonge wenu una nguvu, au hauna?"

"Una nguvu ya wastani, mama. Mpera unaushinda. Majibu haya tumerudia."

"Na hili bika la tatu lililofutika kabisa?"

"Hilo ni la unga uliobaki shuleni, uliotwangwa kwenye kinu cha kupondea mawe. Hakikuwa kipimo cha jani, mama. Tuliona rangi imekwenda tukafurahi, hatukuuliza imeondolewa na nini."

Suzana alizungusha karai kama Mjomba alivyomfundisha Jumanne. Ndiyo, Mjomba alikuja mpaka shuleni kumfundisha, akiwa amenyoa ndevu. Tulitumia mchanga mweusi tu, bila zebaki. Watu walikuja kuangalia. Vijana wa shule ya mjini wakaanza kusema, "Wachimbaji hao, wachimbaji hao," na Suzana akawajibu, "Njoo uoshe na wewe, au unaogopa kulowesha tai?"

Jaji akauliza tena, kwa sauti ya chini, "Na aliyekuwa anatumia huo unga?"

"Ni dada yangu. Tunasubiri majibu."

Hakuandika kitu. Aliufunga mfuniko wa kalamu yake, akasimama kidogo, ndipo akaenda meza ya pili.

Tumekuwa wa nne. Watatu wa kwanza ndio wanaokwenda mbele. Suzana amelia kwenye gari, mimi nimelala.

Jumanne, 1 Aprili

Mvua inapungua. Majibu bado.

Jumatatu, 14 Aprili

Majibu. Zebaki imo kwenye mkojo wa dada, lakini si nyingi kama daktari alivyohofia. Amesema kuacha mapema kumesaidia. Mtoto anakua, ila ni mdogo kuliko umri wake. Dada aliuliza kama atakuwa mzima. Daktari akasema tena yale ya siku ile, kwamba mengine tutayajua akizaliwa.

Ladha ya sarafu imeisha. Mikono imetulia. Jana alinisuka nywele zote bila kupumzika.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Mama amenunua mshumaa mwingine.

Jumapili, 27 Aprili

Mjomba amerudi na kinu kipya begani, cha mninga, amekichonga mwenyewe huko alikokuwa. Alikiweka katikati ya uwanja, akasimama mbali nacho.

"Ng'wangaluka, dada," alimsalimu Mama kwa salamu ya asubuhi, ingawa ilikuwa jioni. Alikuwa amechanganyikiwa.

Mama alikizunguka, akakigonga kwa kidole, akaingiza kichwa ndani na kunusa. "Kiti chako kiko pale," alisema, akaonyesha kigoda. "Hiki usikikalie."

Jumanne, 6 Mei

Uchungu ulimshika dada alfajiri. Gari la mwalimu mkuu lilimpeleka hospitali, Mama akaenda naye, mimi nikaambiwa niende shule. Nilikaa darasani siku nzima, sikumbuki somo hata moja. Saa ya mwisho Mwalimu Cornel alitokea mlangoni na simu mkononi, akanipa.

Sikumsikia Mama. Nilisikia kilio, kikali, cha hasira, kisichokatika. Kisha sauti ya Mama juu yake ikisema, "Msikilize huyo! Msikilize!"

Ni msichana. Ni mdogo, lakini ananyonya. Daktari amesema atamfuatilia mwaka mzima, na mpaka sasa hajaona kasoro.

Jumapili, 11 Mei

Jua. Majani ya mlonge yamekauka kwenye turubai siku moja tu, kama majani yanavyotakiwa kukauka.

Dada amerudi na mtoto. Kabla hajampikia dada uji, Mama alitwanga kwenye kinu kipya, akachota konzi ya unga, akaitia kwenye karai jipya alilonunua mnadani, akajaza maji. Nilidhani anaosha chombo. Alichuchumaa akaanza kuzungusha, polepole, akiuma midomo. Mjomba alikuwa kwenye kigoda chake. Alitaka kumwelekeza, akajizuia. Kijani kilimwagika chote, akaongeza maji, akainamisha, akaongeza tena.

"Asteria," aliita. "Njoo uangalie mkia."

Niliinama. Nililigeuza karai kwenye jua, huku na huku, nikapitisha kidole chini. Hapakuwa na kitu.

"Hamna, Mama."

"Una hakika, au unadhani?"

Nikaangalia tena.

"Nina hakika."

Akanipa kijiko.